Saa, Fomu na Kamba: Nani Anapanga Kazi ya Mwalimu?

Wasomi wenzangu wa ualimu, tukiwaza ajira tunawaza kituo cha kazi na mshahara. Tunasahau kwamba siku ya kuripoti tutakabidhiwa pia msimamizi, malengo na mfumo wa kupimwa. Kozi ya uongozi wa elimu tunaisoma ili tufaulu, UE ikiisha notisi zinatupwa. Nashauri tusizitupe. Mbinu ya usimamizi ikibadilika, kazi yenyewe nayo hubadilika. Tuangalie mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni saa. Mwaka 1911 Frederick Taylor, injinia wa Marekani, alitoa kitabu kiitwacho The Principles of Scientific Management. Katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem, kazi ilipimwa kwa saa, ikagawanywa vipande vipande, na mfanyakazi akaelekezwa kila hatua. Kwa maelezo ya Taylor mwenyewe, mbebaji wa chuma alitoka tani 12.5 kwa siku akafika tani 47.5, na ujira wake ukapanda kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85. Piga hesabu: mzigo karibu mara nne, malipo hata mara mbili hayakufika. Zaidi ya hapo, kufikiri kulihamia ofisini. Lini anyanyue na lini apumzike, mbebaji aliambiwa.

Mfano wa pili ni fomu. Mwaka 1954 Peter Drucker, mzaliwa wa Vienna, alieleza usimamizi kwa malengo: mfanyakazi ajue taasisi inakwenda wapi, ashiriki kuweka lengo lake, na aweze kujipima. Fikra za namna hii zipo hapa kwetu. OPRAS ilipoanza katika utumishi wa umma mwaka 2004, ilimtaka mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo mwanzo wa mwaka, wayapitie katikati, na wafanye tathmini mwishoni. Siku hizi tuna PEPMIS: mwalimu anaingia kwenye mfumo, anaweka majukumu yake, anaripoti utekelezaji, na msimamizi anathibitisha. Karatasi imekwenda, wazo ni lilelile.

Mfano wa tatu ni kamba. Katika viwanda vya magari vya Toyota, Japani, mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro anavuta kamba. Kiongozi wa kikundi anakuja, na tatizo lisipotatuliwa kwa wakati, uzalishaji unasimama. Yaani mtu wa chini kabisa ana haki ya kusema "hapa hapako sawa", na kusema hivyo ni sehemu ya kazi yake.

Sasa turudi darasani. Nikiwa TP katika sekondari moja, mwalimu niliyekuwa chini yake alikuwa na orodha yake ya majukumu: vipindi, majaribio, madaftari ya kusahihisha. Lakini kila jioni, baada ya vipindi, alikaa nusu saa na watoto wa kidato cha kwanza waliotoka shule za msingi za Kiswahili, ambao swali la Kiingereza walikuwa hawajui hata linauliza nini. Nikamuuliza, "Madam, hii unaijaza wapi?" Akacheka: "Hii naijaza kwa Mungu, mwalimu."

Jibu lile lilinifanya nifikiri sana. Yeye aliendelea kwa moyo wake, ila mwingine mwenye vipindi thelathini ataanza kukata kile kisichohesabiwa. Na kisichohesabiwa hapo ni mtoto aliyeachwa nyuma.

Sisemi tusipimwe. Pasipo kipimo, anayeingia darasani na anayekaa kivulini watakuwa sawa, na huo ni uonevu. Ninachosema ni kwamba mfumo wa malengo unategemea hatua moja: kukaa na kukubaliana. Mkuu wa shule akigawa malengo yaliyokwisha kuandikwa, au mwalimu akinakili ya mwenzake ili amalize haraka, basi tumerudi kwenye saa ya Taylor, safari hii ikiwa ndani ya kompyuta. Asiyekuwepo na lake halipo.

Kwa hiyo ukifika kituoni, nenda kwenye kikao cha malengo na maswali matatu. Lengo hili linamsaidia mwanafunzi yupi? Kazi gani ninayoifanya kila siku haimo kwenye orodha, na tunaiingizaje? Nikiona lengo halitekelezeki, labda darasa lina watoto 120 na vitabu 10, namwambia nani, na lini? Swali la tatu ndiyo kamba yetu. Uliza kwa heshima, lakini uliza mapema, kabla msimamizi hajathibitisha.

Kwa wale wa vikundi vya majadiliano: chukueni jukumu moja la mwalimu, mliandike kama lengo linalopimika, kisha mjadili ni kitu gani kimebaki nje ya maneno yenu.