Kufikisha mzigo kwa mteja: tupange njia na bei mbele ya kufungua butike ya intaneti



Kooperative nyingi ziko na butike kwenye intaneti, ao zinajitayarisha kuifungua. Munapiga picha ya bidhaa, munaandika bei, mteja anatuma komande na analipa kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Hapo watu wanapiga mikono. Lakini kahawa haisafiri ndani ya telefone. Kuko mtu anayepaswa kuifunga, kuibeba, kuipandisha ndani ya boti na kuikabizi mkononi mwa mteja. Kila hatua ya safari hiyo iko na bei yake. Swali la somo letu ni moja: bei hiyo nani anailipa?

Kosa tuliyofanya sisi wenyewe

Butike moja tuliyosaidia kufungua, kando ya Ziwa Kivu, iliandikwa kwa herufi kubwa: «Tunakufikishia bure, kila fasi.» Sisi tulio wasindikizaji hatukupinga; tuliona ni neno zuri la kuvuta wateja. Na kweli wateja walikuja. Kila siku simu ililia, vijana wakakimbia na pikipiki.

Mwisho wa mwezi tukakaa na keshia kupiga hesabu. Kahawa ilikuwa imetoka depo, lakini sanduku lilikuwa limepunguka. Mama mmoja akasimama katika mkutano akauliza: «Kama tuliuzisha kahawa mingi vile, makuta iko wapi?» Makuta ilikuwa imebaki barabarani na kwenye maji. Mkulima ndiye aliyelipia safari ya mteja, na hakuna aliyemuomba ruhusa.

Tangu siku hiyo hatukubali butike ifunguliwe mbele ya hesabu ya njia kufanyika. Tuifanye pamoja.

Hesabu ya komande moja

Bei hizi ni za mfano tu. Ninyi mutaweka za kwenu.

Tuseme kooperative inauzisha pakiti ya kahawa ya kukaanga, gramu 500, kwa dola 6. Ukitoa bei uliyomlipa mkulima, kazi ya kukaanga na mfuko, inabaki dola 1.40 kwa kila pakiti. Mteja wa Goma anaomba pakiti 2. Faida ni dola 2.80. Sasa tuangalie safari:

- kartoni na skochi: 0.50
- pikipiki toka depo mpaka bandarini: 1.00
- boti: 1.00
- pikipiki ya Goma mpaka mlangoni: 1.50
- unite za kupiga simu na makato ya kutoa feza ndani ya telefone: 0.50

Jumla ni dola 4.50. Ukisema «bure», faida ya 2.80 inaisha, na unaongeza 1.70 toka mfuko wa kikundi. Komande kumi za namna hiyo zinakula dola 17. Hiyo ndiyo hesabu iliyotupiga.

Lakini angalieni jambo lingine. Tuseme wateja 8 wa Goma wameomba pakiti 2 kila mmoja, na munangoja kutuma zote pamoja siku ya Ijumaa. Ni kilo 8 tu. Kartoni kubwa 1.50, pikipiki moja mpaka bandarini 1.00, boti 2.00. Unite na makato kwa watu 8 ni 4.00. Mzigo unashukia kwenye butike ya mtu munayemwamini pale Goma, na wateja wanakuja kuchukua. Mumpe 0.40 kwa kila komande juu ya kazi ya kulinda: 3.20. Jumla ni dola 11.70. Ukigawa kwa 8, kila mteja anabeba karibu dola 1.50.

Kutoka 4.50 mpaka 1.50! Boti ni ileile, kahawa ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba tulikusanya mizigo na tukaweka siku moja.

Kugawa fasi

Programu ya butike itakuomba kugawa wateja kwa zoni, ni kusema fasi ambazo bei ya kufikisha mzigo inafanana. Musianze na zoni kumi. Kooperative iliyo kando ya ziwa, upande wa Kalehe ao Idjwi, inaweza kuanza na tatu:

1. Bukavu: Ibanda, Kadutu na Bagira.
2. Goma: komine ya Goma na ya Karisimbi.
3. Kinshasa.

Programu nyingi zinagawa kwa inchi, jimbo ao kodi ya posta. Kwetu watu hawatumii kodi ya posta. Kama programu haijui komine zenu, muandike jina la muji ndani ya jina la njia yenyewe, na mteja achague: «Goma, kuchukua kwenye butike, Ijumaa». Inatosha.

Kwa wale wanaotumia WooCommerce, mukumbuke kwamba programu inasoma zoni toka juu kwenda chini, na inachukua ya kwanza inayolingana na adresi. Kwa hiyo zoni ndogo ikae juu, na kubwa chini. Ukiweka «Kongo yote» juu kabisa, mtu wa Bukavu ataonyeshwa bei ya Kongo yote.

Na fasi musizoweza kufika? Musiziwekee njia yoyote. Ni afazali mteja aone kwamba hamufiki kwake kuliko alipe na angoje bure. Hata Rwanda, ambako tunaona taa zake usiku, musiifungue haraka. Kahawa inayovuka mpaka inaomba vyeti: ONAPAC, OCC na duane wako na kazi yao humo. Zoni hiyo itangoje mpaka karatasi zipatikane na bei yake ihesabiwe.

Njia tatu za kumpa mteja

*Kuchukua mwenyewe.* Mteja anakuja depo, ao kwenye butike ya rafiki katika muji. Depo iwe bila malipo. Muji wa mbali uwe na bei ndogo kama ile dola 1.50. Muandike siku, saa, na alama ya fasi.

*Bei moja ya kupelekewa nyumbani.* Kwa kila zoni, bei moja inayojulikana. Kwa mfano wetu wa Goma, chini ya dola 4.50 munapoteza. Mteja akitaka kahawa mlangoni mwake, alipe kazi ya mlangoni. Wengi watakubali, na wasiokubali watachukua ya Ijumaa.

*Bure kuanzia kiasi fulani.* Hii si mbaya, kama imehesabiwa. Turudi kwenye mfano: mteja wa Goma ananunua pakiti 10. Faida ni dola 14. Kartoni 1.00, pikipiki 1.00, boti 2.00, pikipiki ya mlangoni 1.50, unite na makato 1.50: jumla dola 7. Inabaki 7. Nusu ya faida imeenda, lakini kikundi hakikuingia hasara. Kama mkutano unakubali kutoa nusu hiyo ili kupata komande kubwa, iandikwe: «Bure kuanzia pakiti 10». Uamuzi huo ni wa wanamemba wote. Kijana anayeshika telefone hawezi kuukata peke yake.

Mzigo wa ndege: kilo na ukubwa

Kwa Kinshasa, mzigo wa haraka toka Kivu unaenda kwa ndege, kama uwanja uko wazi. Ni zaidi ya kilometre 1,500. Hapa wengi wanashangaa, juu kampuni inapima mara mbili. Inapima kilo, tena inapima ukubwa wa kartoni, kisha inalipisha kile kinachozidi.

Ginsi ya kuhesabu: urefu mara upana mara kimo, kwa sentimetre, kisha unagawa kwa 6,000. Kartoni ya 40 kwa 30 kwa 30 ni 36,000. Ukigawa kwa 6,000 unapata kilo 6. Kama ndani muliweka kilo 4 za kahawa, mutalipa 6. Kampuni zingine zinagawa kwa 5,000, na hapo inapanda zaidi ya 7. Muulize mbele ya kuandika bei. Na kartoni iwe ya kutosha kahawa, isibebe hewa.

Ndege ikisimama, ao njia ya kufika uwanjani ikifungwa, mufunge zoni ya Kinshasa siku ileile. Kuifunga ni kubonyeza mara moja. Kurudisha makuta ya watu ishirini ni kazi ya wiki nzima.

Siku munazoahidi

Mteja anaweza kuvumilia siku tano kama aliambiwa tano. Hawezi kuvumilia tatu kama aliambiwa mbili. Tulipokea ujumbe huu: «Mulisema siku mbili. Mzigo iko wapi?» Mzigo ulikuwa bandarini, upepo ulizuia boti.

Kwa hiyo muhesabu siku za kweli: siku ya kukaanga, siku ya kufunga, siku ya boti, siku ya kugawa. Wakati wa mvua muongeze moja ao mbili juu ya matope. Muandike «toka siku 3 mpaka 6». Kama njia imekatika, mumwambie mteja mbele yeye hajauliza.

Adresi, kufunga, kukabizi

Katika miji yetu namba ya nyumba haitoshi. Fomu ya butike iombe namba mbili za telefone, komine, kartie, avenyu, na alama: kanisa, shule, famasia, rond-point. Anayepokea anaweza kuwa mwingine. Jina lake liandikwe pia.

Juu ya kufunga: kahawa inavuta harufu. Kwenye boti musiiweke karibu na mazutu wala na sambaza kavu. Kila pakiti ifungwe vizuri, kisha yote iingie ndani ya plastiki mbele ya kartoni, juu maji yanaruka. Juu ya kila pakiti muandike siku ya kukaanga.

Kila kartoni iende na karatasi mbili: moja inabaki na mpokeaji, nyingine inarudi na sinyatire yake. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Ndani ya daftari muwe na namba ya komande, jina, aliyebeba, siku ya kutoka, siku ya kufika, na makuta iliyotumika kweli kwa safari.

Na mzigo ukipotea? Muamue sasa, mbele haujapotea. Maoni yetu: kama mteja hajatia sinyatire, mzigo ni wa kooperative bado; mumtumie mwingine ao mumrudishie makuta. Juu ya hatari hiyo, muongeze kidogo juu ya kila bei ya safari na muiweke pembeni. Feza hiyo haiguswi kwa jambo lingine.

Mujaribu mbele ya kutangaza

Mtu mmoja wa kikundi ajifanye mteja wa Bukavu, mwingine wa Goma, mwingine wa Kinshasa. Kila mmoja atume komande ya pakiti 1, kisha ya 10. Muangalie: bei ya safari inatokea mbele ya kulipa? «Bure» inatokea pale tu inapopaswa? Mtu wa fasi musikofika anazuiwa? Kisha mutume kweli pakiti moja mpaka Goma na muandike kila franka iliyotoka. Ile karatasi ya majaribio itawafundisha kuliko sisi.

Kila miezi mitatu murudi kwenye hesabu. Bei ya mafuta inapanda na tiketi ya boti inafuata. Bei ya butike ikibaki palepale, tofauti inalipwa tena na mkulima.

Maswali ya kuzungumuzia katika kikundi

1. Kwa pakiti ao kilo moja ya bidhaa yetu, faida inayobaki ni ngapi kweli?
2. Toka depo yetu mpaka mkono wa mteja, kuko hatua ngapi, na kila moja inalipwa ngapi?
3. Katika muji tunaouzishamo, nani anaweza kutulindia mizigo, na tutampa nini?
4. Siku gani ya wiki itakuwa siku yetu ya kutuma?
5. Fasi gani tutasema wazi kwamba hatufiki kwa sasa?
6. Mzigo ukipotea, sanduku gani litalipa?

Yule mama aliyeuliza makuta iko wapi, sasa ni mmoja wa watatu wanaochunguza daftari ya mizigo. Butike yao haiandiki tena «bure, kila fasi». Inaandika siku ya boti, bei ya kila muji, na fasi ya kuchukulia. Simu hailii sana kama mwanzo. Lakini mwisho wa mwezi, sanduku linapofunguliwa, wanamemba wanakaa na kuangalia bila woga.

Mufanye hesabu yenu, muilete kwenye mkutano unaokuja. Kazi njema.