Furaha ya Kazi Bila Cheo

Somo: Wakolosai 3:22–4:1, Yakobo 5:4



Ndugu mmoja alinijia baada ya ibada, na amekubali niseme habari yake. Amefanya kazi mahali pamoja hapa mjini miaka 11. Mara tatu amepitwa cheo na vijana aliowafundisha kazi yeye mwenyewe. Akaniuliza, "Pastor, nimekosea wapi?" Sikuwa na jibu la haraka.

Fungua Wakolosai. Wengi tunaruka mstari wa 22 tukimbilie wa 23, na hapo ndipo tunapoteza utamu. Paulo anaandikia watumwa! Mtumwa hakuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi, wala barua ya kupandishwa cheo. Ndiye anayeambiwa afanye kazi kwa moyo, si mpaka bosi akitazama. Na angalia ahadi yake: urithi. Mtu ambaye kwa sheria ya Warumi hangeweza kurithi chochote, Bwana anamwita mrithi.

Hapa kwetu tunamjua Eliud Kipchoge. Dhahabu ya marathoni ya Olimpiki mara mbili, Rio 2016 na Michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021. Mwaka 2019 kule Vienna alikimbia kwa saa 1:59:40. Lakini kambini Kaptagat, zamu yake ikifika, aliosha choo kama wenzake. Sawa, utasema tajiri anaweza kuosha choo akicheka. Nakubali. Mama anayeosha choo ili alipe karo hana kicheko hicho.

Basi nikwambie juu ya mama wa namna hiyo. Mwaka jana nililazwa. Aliyekuwa wa kwanza kujua jina langu wodini ni mama wa kupiga deki. Akipita alisogeza kikombe cha maji karibu na mkono wangu, bila kuombwa. Nikamuuliza kama anapenda kazi yake. Akasema, "Deki inaniumiza mgongo, pastor. Lakini kuna mgonjwa hapa hasalimiwi na mtu siku nzima."

Sasa ninyi wenye mashamba Moiben na Ziwa, msijifiche nyuma ya mahubiri haya. Yakobo anasema mshahara uliozuiliwa wa wavunaji unalia, na kilio kimefika kwa Bwana. Mahindi yakishaingia stoo, lipa vibarua kwanza. Usimwambie mtu afurahie kazi ambayo hujamlipa.

Yule ndugu nilimshauri amwandikie bosi wake, aulize kwa heshima sababu ni nini. Kuuliza si kukosa imani. Kisha nikamuuliza ni siku gani alitoka kazini akiimba. Alinyamaza sana. Akasema ni siku ile kijana wa kwanza aliyemfundisha alitengeneza mashine peke yake, ikanguruma. Ndiye huyo huyo bosi wake leo.

Jumatano kwenye ushirika wa nyumbani, kila mmoja aje na siku yake moja ya namna hiyo. Wenye vibarua waje pia na daftari la malipo.