Barua Isiyo na Mwenyewe

Ndugu, mwaka 1908, siku za utawala wa Wadachi, barua ilienea Lindi na mahali pengine pa pwani. Ilisema kwamba Sheikh Ahmad wa Madina ameota ndoto, akaambiwa mwisho wa dunia u karibu. Nayo iliwataka waumini waitangaze. Wengi waliogopa, na serikali ikaogopa kuliko wao, maana vita vya Maji Maji (1905–1907) vilikuwa vimekwisha juzi tu. Ndoto ile ile, kwa maneno yaliyogeuzwa kidogo, yazunguka hata leo katika simu. Wala sisi Wakristo tusicheke: soma 2 Wathesalonike 2:2, uone jinsi Paulo alivyowaonya watu wasifadhaishwe na barua iliyojidai kuwa yake.

Basi babu yako wa Songo Mnara akikupelekea habari ya namna hii, usimkemee mbele ya wajukuu (1 Timotheo 5:1). Ameipeleka kwa kuwapenda, akidhani awaokoa. Mwamkie, keti naye, umwulize: “Babu, aliyeiandika ni nani? Nani amjuaye?” Kisha msimulie ya Lindi. Mzee aliyeamua mashauri mengi ajua kumpima shahidi. Mwachie apime mwenyewe. Ila habari ya dawa ya hatari haingoji maongezi marefu: mwambie siku ile ile, faraghani.