Damu na Maumivu Baada ya Kuwekewa Kitanzi cha Homoni: Lipi la Kuvumilia, Lipi la Kuwahi Kituoni

Mwanamke aliyewekewa kitanzi chenye homoni huweza kushtuka aonapo matone ya damu wiki ya pili, hata mwezi wa tatu. Wapo wanaokimbilia kukitoa kwa jambo ambalo lingepita lenyewe, na wapo wanaonyamaza pale wanapostahili kuonwa na daktari. Inafaa kuzitofautisha hali hizo mbili.

Kwa nini damu hutoka

Kitanzi kilichozoeleka vituoni ni kile cha shaba. Hakina homoni, na mara nyingi huongeza damu ya hedhi. Kitanzi cha homoni hutoa levonorgestreli kidogo kidogo ndani ya mfuko wa uzazi. Kile cha miligramu 52 hutoa takriban mikrogramu 20 kwa siku hapo mwanzo. Homoni hiyo huufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, mbegu za kiume zishindwe kupita. Pia huufanya utando wa ndani ya mfuko wa uzazi uwe mwembamba.

Utando huo haupungui kwa siku moja. Unapobadilika humeguka, na ndiyo maana damu hutoka bila mpangilio.

Yanayotarajiwa

Maumivu ya kubana chini ya kitovu, mfano wa yale ya hedhi, huwa makali zaidi siku ya kuwekewa na hupungua siku zinazofuata. Matone ya damu huweza kuendelea kwa miezi 3 hadi 6, kisha hedhi huwa nyepesi. Baada ya mwaka 1, takriban mwanamke 1 kati ya 5 hapati hedhi kabisa. Damu haijarundikana tumboni, kama wengine wasemavyo. Utando umekuwa mwembamba, hivyo hakuna cha kutoka.

La kufanya nyumbani

Weka alama kwenye kalenda kila siku unayoona damu. Mhudumu ataihitaji kumbukumbu hiyo. Kwa maumivu, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa husaidia. Ibuprofeni pia hufaa, ila mwenye vidonda vya tumbo au pumu aulize kwanza. Epuka aspirini, kwani huweza kuongeza damu. Rudi kliniki kati ya wiki ya 3 na ya 6 ili kitanzi kikaguliwe.

Usisubiri ukiona haya

- Damu nyingi inayolowesha pedi nzima kila saa, kwa saa 2 au zaidi.
- Maumivu makali yasiyopoa, au yanayozidi siku hadi siku.
- Homa, kutetemeka, au uchafu wenye harufu mbaya ukeni, hasa wiki 3 za mwanzo.
- Nyuzi hazipapasiki, zimerefuka, au unagusa plastiki ngumu. Huenda kitanzi kimesogea au kimetoka. Hadi ukaguliwe, tumia kondomu.
- Dalili za mimba. Ni nadra, lakini mimba ikitunga huweza kuwa nje ya mfuko wa uzazi. Ikiambatana na maumivu ya upande mmoja, kizunguzungu au kuzirai, ni dharura.

Pa kwenda

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Huduma za uzazi wa mpango katika vituo vya umma hutolewa bila malipo. Ikihitajika, utapewa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, Kibaha. Kwa mkazi wa Mzenga au Maneromango safari hiyo ni ndefu, hasa wakati wa masika. Aonaye dalili ya hatari asubuhi asingoje jioni.

Na iwapo damu, ingawa si ya hatari, inakukosesha raha, una haki ya kuomba kitanzi kitolewe wakati wowote na kuchagua njia nyingine. Uwezo wa kupata mimba hurejea mara baada ya kukitoa.