Mizani ya mnunua dhahabu ilivyonisahihisha

Nafundisha kemia hapa Bunia mwaka wa kumi na moja sasa, na aliyenikamata na kosa la mlinganyo wa ioni hakuwa mkaguzi. Ni mzee mmoja wa Mudzipela anayenunua dhahabu inayoshuka kutoka Mongbwalu.

Mwanawe ni mwanafunzi wangu. Siku moja alisimama akaeleza anachokiona nyumbani. Baba anachemsha dhahabu ndani ya asidi ya nitriki, moshi wa kahawia unapanda, na fedha iliyochanganyika na dhahabu inayeyuka. Kisha anatumbukiza kipande cha waya wa umeme kwenye yale maji. Fedha inarudi, ya kijivu, imeshikamana na waya kama sponji, na maji yanageuka buluu. "Prof, tunaandika vipi?"

Nikaandika ubaoni papo hapo:

Cu + Ag⁺ → Cu²⁺ + Ag

Shaba moja huku, moja kule. Fedha vivyo hivyo. Nikajipangusa chaki, tukaenda nyumbani.

Siku ya tatu mzee akaja mwenyewe. Mtoto alikuwa amempigia hesabu kwa mlinganyo wangu: kurudisha gramu 34 za fedha, waya utaliwa gramu 20. Mizani yake ilionyesha waya umepungua gramu 11 tu. "Prof, zile tisa ziko wapi?" Aliuliza kwa upole, kama anavyomuuliza mchimbaji aliyeleta dhahabu yenye mchanga.

Nilikuwa nimesahau jambo ninalowafokea watoto kila mwaka: chaji. Kushoto +1, kulia +2. Shaba inatoa elektroni mbili, ioni ya fedha inapokea moja tu, kwa hiyo zinatakiwa ioni mbili:

Cu + 2Ag⁺ → Cu²⁺ + 2Ag

Gramu 63.5 za shaba zinarudisha gramu 216 za fedha, si 108. Waya ulipaswa kuliwa gramu 10. Ile moja ya ziada ililiwa na asidi iliyobaki. Mzee akacheka, mimi sikucheka.

Basi, hatua za kuandika mlinganyo wa ioni ni nne. Ya kwanza, tenganisha ioni za vile tu vinavyojitenga majini: chumvi ya jikoni ndiyo, mashapo na asidi dhaifu kama ya siki hapana. Ya pili, futa ioni watazamaji, yaani zile zisizobadilika.

Ya tatu ndiyo iliyoniaibisha. Chora mstari chini ya mlinganyo, andika jumla ya chaji za kila upande, kabla na baada ya kusawazisha. Darasani natumia maharage kwa chanya na punje za mahindi kwa hasi. Harage na hindi yakikutana, yote mawili yanatoka mezani. Kinachobaki pande zote mbili kiwe sawa. Kiwe sawa, si lazima kiwe sifuri! Hapo ndipo nusu ya darasa hupotea. Chukueni fedha ya mzee ikiwa ndani ya asidi:

3Ag + 4H⁺ + NO₃⁻ → 3Ag⁺ + NO + 2H₂O

Kushoto maharage manne na hindi moja, yanabaki matatu. Kulia matatu. (NO haina rangi, ikikutana na hewa ndipo inakuwa ule moshi wa kahawia. Msiuvute.) Na oneni, nitrati iliyokuwa mtazamaji kwenye waya, hapa imeingia uwanjani.

Mkinunua fotokopi za maswali ya zamani ya Exetat, mtihani wa taifa, fungueni kwanza muone kama chaji zimo. Nilizouziwa karibu na soko kuu zimenakiliwa hadi alama za juu zimefutika, Ag⁺ imebaki Ag. Nilipolalamika, muuzaji alinijibu kwamba herufi kubwa zote zipo.

Hatua ya nne ningeieleza, ila jana mzee alirudi na chupa ya yale maji ya buluu. Shaba yake imo humo, je, haiwezi kutoka? Nikamwambia atie misumari ya chuma. Mwanawe alishachukua chaki:

Fe + Cu²⁺ → Fe²⁺ + Cu

Akachora mstari chini yake. Mbili, mbili. Mzee akauliza kama misumari iliyopinda inafaa.