Jua Haki Zako: Bastola Ndani ya Gari Kazini, Sheria Inasemaje?

Katika mafunzo ya wafanyakazi yaliyofanyika hivi majuzi, swali moja lilikula karibu nusu saa. Mfanyakazi mwenye leseni ya bunduki alitaka kujua kama anaruhusiwa kuacha bastola yake ndani ya gari lake binafsi anapoingia afisini. Kabla mkufunzi hajajibu, mwenzake alidakia kwamba hiyo ni haki ya mfanyakazi, na kwamba mwajiri hana ruhusa ya kuuliza kilichomo ndani ya gari la mtu. Alikuwa ameliona jambo hilo kwenye video, na akaitoa simu kutuonyesha.

Video ilikuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba sheria iliyokuwa ikielezwa ni ya Marekani, na hata huko si ya majimbo yote. Mtu akiishika kama ilivyo na kuitumia hapa, anaweza kupoteza kazi, akapoteza leseni, na akajikuta akijibu mashtaka. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa jamaa nyingi hapa kwetu zina watoto na ndugu wanaofanya kazi Texas, Minnesota na kwingineko, somo la toleo hili linaanzia huko haki hiyo ilikotungwa, kisha tutarudi nyumbani.

Ilivyoanza Oklahoma

Tarehe 1 Oktoba 2002, mbwa wa kunusa waliletwa kwenye maegesho ya magari ya kiwanda cha karatasi cha kampuni ya Weyerhaeuser mjini Valliant, jimbo la Oklahoma. Walichokuwa wakitafuta ni dawa za kulevya. Kilichopatikana ndani ya magari kadhaa ni bunduki. Kampuni ilikuwa na kanuni ya kukataza silaha katika eneo lake lote, pamoja na maegesho, na wenye magari hayo wakafutwa kazi. Baadhi yao walikuwa waajiriwa wa makandarasi tu. Oklahoma ni nchi ya wawindaji, na bunduki ndani ya pikapu huko ni jambo la kawaida kama panga kwenye pikapu ya mkulima wa huku. Watu hao hawakuwa wamefutwa kwa kuvunja sheria ya jimbo. Walikuwa wamevunja kanuni ya mwajiri.

Mtu atauliza: je, Katiba ya Marekani si inampa raia haki ya kuwa na bunduki? Ndiyo. Marekebisho ya Pili yamekuwa ndani ya Katiba hiyo tangu 1791, na mwaka wa 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ya huko ilisema kwamba mtu binafsi ana haki ya kuweka bunduki nyumbani kwake kwa kujilinda. Lakini haki hiyo huifunga serikali mikono. Haimfungi mwenye kiwanda. Tena katika karibu majimbo yote ya Marekani, ajira ya kampuni binafsi huwa ni ya hiari ya pande mbili: mwajiri anaweza kumwondoa mfanyakazi leo bila kumpa sababu, mradi tu sababu yenyewe si ile iliyokatazwa na sheria, kama vile rangi au dini. Mfanyakazi asiye na mkataba maalum wala chama cha kumtetea hana kikao cha kujieleza anachoweza kudai kisheria. Hili la mwisho ni muhimu, nasi tutalirudia.

Basi bunge la Oklahoma likatunga sheria mwaka wa 2004 na kuifanyia marekebisho mwaka uliofuata. Sheria hiyo ilisema hakuna mwajiri wala mwenye biashara anayeruhusiwa kuweka kanuni ya kumzuia mtu yeyote, isipokuwa aliyewahi kupatikana na hatia ya kosa kubwa la jinai, kusafirisha na kuhifadhi bunduki ndani ya gari lililofungwa katika maegesho. Kampuni kadhaa, ConocoPhillips ikiwa mojawapo, zilikwenda mahakamani. Zilidai kwamba ardhi ni yao, na zaidi ya hapo, kwamba sheria ya taifa ya usalama kazini ya mwaka wa 1970 inamtaka mwajiri aondoe hatari zinazojulikana mahali pa kazi. Ataziondoaje ikiwa jimbo linamkataza? Oktoba 2007 jaji mmoja wa shirikisho alikubaliana nao na kuisimamisha sheria. Februari 2009 mahakama ya rufaa iliyoko Denver ikaibatilisha hukumu hiyo. Ilisema hakuna kanuni ya taifa ya usalama kazini inayozungumzia bunduki kwenye maegesho, kwa hivyo jimbo lina uhuru wa kuamua.

Mahakama haikusema kwamba kuacha bunduki ndani ya gari ni jambo zuri. Ilisema tu ni nani mwenye mamlaka ya kuamua. Watu wengi wanaosambaza video hizi hawaitofautishi hoja hiyo, na ndiyo kiini cha kesi.

Majimbo mengine, na mipaka yake

Florida ilipitisha sheria yake mwaka wa 2008. Mwajiri wa huko haruhusiwi hata kumuuliza mfanyakazi kama ana bunduki ndani ya gari, wala kulipekua gari hilo kuitafuta. Lakini sheria ina milango ya kutokea: shule, magereza, mitambo ya nishati ya nyuklia, na sehemu zenye kazi za ulinzi wa taifa au vilipuzi. Kampuni ya Disney ilidai kwamba bustani zake za burudani haziguswi na sheria hiyo kwa kuwa ina kibali cha vilipuzi kwa ajili ya fataki zake. Sheria hiyo ilipofikishwa mahakamani, jaji wa shirikisho aliikubali kuhusu wafanyakazi lakini akaizuia kuhusu wateja.

Texas ilifuata, na sheria yake ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba 2011. Huko mwajiri bado anaweza kukataza bunduki ndani ya jengo, na ulinzi wa sheria kwa kawaida haufiki kwenye gari linalomilikiwa na kampuni. Dereva wa lori la kampuni, kwa hivyo, asijidanganye. Minnesota, ambako Wakenya ni wengi, nayo inamkataza mwajiri kuzuia silaha halali kwenye maegesho. California, New York na Massachusetts hazina sheria ya namna hiyo.

Tennessee inatufundisha zaidi. Mwaka wa 2013 jimbo hilo lilipitisha sheria kwamba mwenye kibali akiacha bunduki ndani ya gari lake lililofungwa kwenye maegesho, hatendi kosa la jinai. Wafanyakazi wakashangilia. Kisha mwanasheria mkuu wa jimbo akatoa maoni kwamba sheria hiyo imeondoa kosa la jinai tu. Mwajiri bado anaweza kumfuta kazi mtu huyo huyo. Ilibidi bunge lirudi mwaka wa 2015 kuandika wazi kwamba mfanyakazi hawezi kufutwa kwa sababu hiyo. Jambo kutokuwa kosa la jinai hakumaanishi kwamba kazi yako iko salama.

Kwa wazazi wenye watoto huko, kuna jambo ambalo sijaliona katika video hata moja. Sheria ya taifa ya Marekani kwa kawaida inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kwa mfano viza ya mwanafunzi, kuwa na bunduki au hata risasi. Kuna vighairi vichache, kama vile mwenye leseni halali ya kuwinda. Asiye na karatasi kabisa amekatazwa pia. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu yuko katika kundi tofauti. Kwa hivyo kijana wa chuo anayefanya kazi za jioni katika ghala la Dallas hawezi kuitegemea sheria ya maegesho ya Texas, hata kama wenzake wote kazini wana bastola ndani ya magari yao. Na anayefanya kazi posta ajue kwamba maegesho ya posta ni mali ya serikali ya shirikisho: mwaka wa 2015 mahakama ya rufaa, hiyo hiyo ya Denver, ilikubali marufuku ya bunduki hapo.

Sasa turudi nyumbani

Katiba yetu ya 2010 ina Sheria ya Haki ndefu na nzuri. Ndani yake hakuna haki ya kumiliki bunduki. Kinachotawala ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na msingi wake ni kinyume cha ule wa Marekani: ni kosa kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa umepewa cheti. Cheti kinatolewa na Bodi ya Leseni za Silaha, kwa mtu aliyetajwa na kwa silaha iliyotajwa, na Bodi iliyokitoa inaweza kukifuta. Sheria hiyo pia inakupa wajibu wa kuihifadhi silaha kwa usalama wakati wote, na kuchukua tahadhari ili isipotee, isiibwe, wala isifike mikononi mwa mtu asiyeruhusiwa.

Liangalie gari lako kwa jicho hilo. Kioo huvunjwa kwa jiwe. Kisanduku cha deshibodi hufunguka kwa bisibisi. Ufunguo wa gari unaachiwa kijana wa kuosha magari, au mwenzako anaazima gari kwenda benki mara moja. Bastola ikiwa chini ya kiti, umempa silaha mtu asiye na cheti, hata kama hukukusudia. Nimewasikia watu wakisema, "Lakini gari lilikuwa limefungwa." Swali utakaloulizwa ni kama ulichukua tahadhari za kutosha, na kufuli ya gari peke yake ni jibu dhaifu.

Mwajiri je? Hakuna sheria ya Kenya inayomlazimisha akubali bunduki katika maegesho yake. Eneo ni lake au yeye ndiye msimamizi wake, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtwika jukumu la usalama wa waliomo. Anaweza kuandika kanuni ya kukataza silaha kuanzia langoni, nayo itakuhusu hata kama leseni yako ni halali kabisa. Leseni inakuruhusu kuwa na silaha. Haikupi ruhusa ya kuingia nayo katika uwanja wa mtu.

Ukaguzi wa langoni tumeuzoea, hasa tangu shambulio la Westgate la Septemba 2013: kioo chini ya gari, buti kufunguliwa, kifaa cha kupima chuma. Kifungu cha 31 cha Katiba kinakulinda usipekuliwe wewe, makao yako wala mali yako kiholela, na askari wa lango naye anatakiwa akuheshimu. Ukikataa kukaguliwa, naye anaweza kukukatalia kuingia. Lakini mtu kufungua gari lako saa nne baadaye ukiwa mkutanini, bila wewe kujua, ni jambo jingine, na hapo una haki ya kulalamika.

Ikipatikana bastola na kanuni ya kazini inaikataza, unaweza kuadhibiwa, hata kufutwa. Lakini si hivyo hivyo tu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri akueleze kosa kwa lugha unayoielewa, na asikilize majibu yako ukiwa pamoja na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua. Hata anapotaka kukufuta papo hapo kwa utovu mkubwa wa nidhamu, lazima akusikilize kwanza. Kifungu cha 45 kinaitaka sababu iwe halali na utaratibu uwe wa haki. Wale wa Valliant walifutwa katika nchi isiyomlazimisha mwajiri kufanya hayo, ndiyo maana wanasiasa wao wakaenda kutunga sheria ya bunduki na gari. Wewe huna haki yao ya maegesho. Una haki ya kusikilizwa, ambayo wao hawakuwa nayo. Ukipewa barua ya kutakiwa kujieleza, usiipuuze, ijibu kwa maandishi ndani ya siku ulizopewa, na baki na nakala.

Mwenye leseni ambaye hajawahi kuuliza mwajiri wake afanye hivyo kabla ya siku ya kukutwa. Andikia afisi ya wafanyakazi, uliza kama kuna kanuni kuhusu silaha, na uombe jibu la maandishi. Kama jibu ni hapana, bastola ibaki nyumbani ndani ya sefu ya chuma iliyofungiwa ukutani au sakafuni, ufunguo wake usiwe kwenye msumari wa jikoni. Anayesafiri moja kwa moja kutoka kazini na hana pa kuiacha amwone OCS wa kituo kilicho karibu aulizie uhifadhi. Magari ya kaunti, yale yenye nambari ya serikali, yasitumiwe kubeba wala kuhifadhi silaha ya mtu binafsi: huliendeshi peke yako, na dereva wa zamu ya usiku hajui ulichokiacha.

Na bastola ikiibwa, nenda kituo cha polisi saa hiyo hiyo, usisubiri kwanza kuitafuta kwa marafiki. Nenda na cheti chako, toa nambari ya silaha na idadi ya risasi, hakikisha imeandikwa kwenye OB na ondoka na nambari ya OB mkononi. Kisha ijulishe Bodi.