Tuzilinde Tarakilishi za Nyumbani Dhidi ya Virusi

Wahenga walinena kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Ndugu msomaji, usemi huu tumezoea kuusikia tunapofunzwa juu ya malaria na kipindupindu. Mimi leo nautumia kwa tarakilishi, au kompyuta kama wengi wetu tunavyoiita. Chombo hiki kimeshaingia katika maboma yetu hapa Ndabibi, na maradhi yake yameingia nacho.

Virusi vya tarakilishi ni nini? Si vijidudu, wala havitokani na vumbi letu, kama wengine wanavyodhani. Ni programu iliyoandikwa na binadamu, yenye uwezo wa kujinakili kutoka mashine moja hadi nyingine bila idhini ya mwenyewe.

Wengi husema, "Sisi nyumbani hatuna intaneti, virusi vitatoka wapi?" Mwaka wa 1986 ndugu wawili wa mji wa Lahore, nchini Pakistan, waliunda virusi vilivyoitwa Brain. Vilienea nchi nyingi kupitia diski zilizopitishwa mkono kwa mkono. Siku hizi diski hiyo ni flashi iliyo mfukoni mwako. Unaipeleka Naivasha kuchapisha kazi, inachomekwa kwenye mashine iliyokwisha kupokea flashi za watu chungu nzima, kisha unairudisha nyumbani.

Kaka yangu alirudi na flashi ya namna hiyo kutoka duka moja la kuchapisha. Tulipoichomeka, kila faili ilikuwa imegeuka alama yenye kishale kidogo. Mama alishika kichwa, maana humo mlikuwa na hesabu ya maziwa ya mwaka mzima na picha za marehemu babu. Kumbe faili hazikufutwa! Virusi vilikuwa vimezificha, na mtu akibonyeza kishale ndipo anapoviamsha. Basi ukiona hivyo, usibonyeze, wala usimkubali anayesema, "Fomati tu." Ichunguze flashi kwa programu ya kukinga virusi, halafu iamuru mashine ionyeshe faili zilizofichwa. Sisi tulifanya hivyo, tukapata kila kitu.

Nina mawaidha manne.

Kwanza, chunguza kila flashi kabla ya kuifungua, hata ikiwa ya rafiki. Windows 10 na 11 huja na kinga yake ndani, bila malipo.

Pili, sasisha mashine yako kila upatapo intaneti, hata ya simu. Mnamo Mei 2017, virusi vya WannaCry vilifunga faili za tarakilishi zaidi ya 200,000 duniani, zikiwemo za hospitali nchini Uingereza, na wenyewe wakadaiwa dola 300 au zaidi. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa dawa yake tangu Machi mwaka huo! Walioipuuza ndio walioumia. Na tukumbuke kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye mashine inayoweza kupokea Windows 11 asikawie.

Tatu, epuka programu za wizi. Nyingi hukuagiza uzime kinga kwanza ndipo ziingie. Je, mgeni akikwambia umfunge mbwa kabla hajaingia bomani usiku, utamwamini?

Nne, weka nakala ya faili zako muhimu mahali pengine, na ukimaliza kunakili, chomoa. Nakala iliyoachwa imechomekwa huweza kufungwa pamoja na nyingine.

Wanafunzi wenzangu, wazazi wetu wanatutegemea katika jambo hili. Wao hutunza ng'ombe na shamba, nasi tutunze hesabu zake. Likizo hii, kila mmoja wetu na aketi na wa kwao awaonyeshe haya manne. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.